Jina la Hodo Ukutani

Madam Caroline hakusahihisha mazoezi yetu nyumbani kwake. Aliyasahihisha mbele ya darasa, programu ya kila mmoja ikionyeshwa ukutani kwa projekta, mwenyewe ukiwa umekaa hapo jasho linakutoka. "Ikianguka, ianguke mbele yako," alikuwa akisema. "Ndivyo utakumbuka."

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, zoezi langu ndilo lilikuwa ukutani. Nilitazama jina la faili pale juu, nikajua nimemaliza maisha ya mtu.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi. Programu ikuulize jina lako, iangalie saa ya kompyuta, kisha ikusalimie. Kama ni kabla ya saa sita iseme habari ya asubuhi, kama zimepita iseme habari ya mchana. Vijana wa darasa letu waliliandika kwa dakika kumi huku wakitafuna karanga. Mimi lilinichukua siku tatu, kwa sababu niliacha shule darasa la saba na vidole vyangu vimezoea kushika vyuma, si kubonyeza herufi. Tena niliandika programu mbili.

Moja ilikuwa ya Madam. Ya pili ilikuwa ya Hodo, msichana aliyekaa mbele yangu. Zilifanana kila kitu, ila ya Hodo ilikuwa na mistari mitatu zaidi. Ukiandika jina lolote lile, inakusalimia kama kawaida. Ukiandika Hodo, inasema mengine. Niliziita Zoezi 4a na Zoezi 4b, nikaziweka mahali pamoja kama mjinga, na Madam alipopitisha flashi yake darasani tumwekee kazi zetu, nikamwekea ile ambayo haikuwa yake.

"Wachira, leo umeleta mapema," Madam alisema. "Hebu tuone kama hili geti linafunga."

Darasa likacheka. Waliniita Mzee wa Geti kwa sababu nina miaka thelathini na sita na ninachomelea mageti pale Kitengela, nyuma ya soko. Nilikuja chuoni kwa jambo moja tu. Siku hizi watu wanataka geti lenye maua na twiga, na hayo yanakatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Nilitaka kununua mashine hiyo, na sikutaka kuinunua kisha nimwajiri mtu wa kuniambia inavyofanya kazi.

Madam alichukua rejista. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kujaribu programu: anaandika majina ya darasa, moja baada ya jingine, aone kama kuna jina litakaloiangusha. Na rejista imepangwa kwa herufi.

Akaandika Ciku. Ukuta ukasema: Habari ya asubuhi, Ciku.

Akaandika Dennis. Akaandika Eunice. Akaandika Gakuru. Habari ya asubuhi, Gakuru. Na herufi inayofuata G, hata sisi wa darasa la saba tunaijua.

"Madam," nilisema, "hiyo imetosha."

"Imetosha vipi? Inafanya kazi vizuri."

"Niko na ingine nzuri zaidi."

"Kaa chini, Wachira. Usiogope kazi ya mikono yako."

Akaandika H. Akaandika O. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, lakini Madam huandika haraka.

Ukuta ukasema: Hodo, tangu ukae kwenye kile kiti cha dirishani sijachomelea geti likanyooka. Nakupenda. Sijui kusema vizuri, ndiyo maana nimeandika.

Kisha Ciku akapiga yowe, "Wueh!" na chumba kizima kikalipuka. Gakuru alipiga meza kwa viganja. "Mzee wa Geti amefungua geti!" Wengine walikuwa wameshainua simu. Madam Caroline alibonyeza kila kitu, maneno yakakataa kuondoka, mpaka akachomoa waya wa projekta kwa mkono.

Sikuwaangalia hao wote. Nilimwangalia Hodo. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, hijabu yake ya rangi ya udongo, kalamu mkononi, na ndugu yake Keynan pembeni. Hakuangalia ukuta. Aliniangalia mimi. Nimewahi kuangaliwa na mteja ambaye geti langu lilimwangukia gari. Yule mteja alikuwa na macho laini kuliko haya. Hodo hakuwa na hasira peke yake. Kulikuwa na kitu kingine nyuma ya hasira, kitu nilichokitafuta miezi miwili nisikione, na sasa nilikiona kikizimika.

Alifunga laptopu yake, akaiweka kwenye mkoba, akatoka.

Niseme jinsi alivyokipata kile kiti. Baba yake, Mzee Jimale, ni mfanyabiashara wa mifugo. Ana boma la ng'ombe na mbuzi pale Isinya. Hodo alimaliza kidato cha nne akiwa wa pili shuleni kwao, akamwomba baba yake asome kompyuta, baba akakataa. Aliomba miaka saba. Mwaka huu Mzee alikubali, kwa sharti kwamba Keynan, mdogo wake Hodo, asome pamoja naye na akae kiti cha pembeni kila siku. Ndivyo Keynan alivyoingia chuo. Alinakili kila zoezi la dada yake na kulala saa za mwisho, lakini alikaa pale.

Mimi nilikaa nyuma yao. Programu yangu ya kwanza ilikataa kwenda asubuhi nzima, na nilikuwa karibu kuipiga ngumi kompyuta ya watu. Hodo aligeuka akasema, "Fundi, usiikimbize. Soma mstari kwa mstari. Haujaweka nukta mbili mwisho wa huu." Akaweka, ikaenda. Basi ikawa hivyo kila siku. Hakuwahi kunigusa hata kidole. Siku moja aliona kovu la moto mkononi mwangu akauliza kama linauma. Nilisema haliumi. Akasema, "Wanaume wa kwetu pia husema hivyo." Nilibeba maneno hayo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Na Jumatatu ya wiki hiyo, Keynan akiwa ameenda kununua chai, nilianza kumwambia kilicho moyoni. Alinikatiza. "Hapana, usiseme hapa. Kama ni kitu cha kusema, niandikie. Niandikie mahali nitasoma nikiwa peke yangu."

Basi Jumatano hiyo, alipotoka darasani, nilimfuata kwenye ngazi.

"Hodo."

"Usiniite jina langu. Limeitwa vya kutosha."

"Nilichanganya faili. Ile haikuwa ya Madam."

"Najua haikuwa ya Madam!" Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu lakini hakuwa ametoa chozi. "Wewe uliniambia nini kuhusu kazi yako? Uliniambia kabla ya kukata chuma unapima mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Chuma unapima mara mbili. Mimi hukunipima hata mara moja."

Alisimama akinitazama, mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine umeshika chuma cha ngazi, na kati yetu kulikuwa na ngazi tatu tu.

"Miaka saba, fundi. Nilimwambia baba, hapo ni kusoma tu, hakuna mambo mengine. Nilimwapia. Leo nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi. Ni kweli ni mimi. Na kile umesoma pia ni kweli."

"Nani amekuuliza kama ni kweli?" Kisha sauti yake ikashuka. "Ningekisoma nikiwa peke yangu..."

"Ungesema nini?"

Midomo yake ilitikisika kidogo, nikadhani atasema.

"Sasa hutajua," akasema.

Keynan aliteremka mbio, begi lake likiwa wazi. "Walaal, dada yangu, twende. Twende kabla hawajatoka." Akanigeukia. "Buda, umetumaliza. Mimi ndio nilipewa kazi ya kumchunga. Unajua nitaambiwa nini?"

"Sema ulikuwa umelala, kama kawaida."

Alitaka kucheka, nikaona, lakini hakuweza. "Si mimi nitasema. Gakuru ameshaweka kwa status. Saa hii nusu ya Kitengela inasoma."

Wakaondoka. Hodo hakugeuka.

Alhamisi kiti cha dirishani kilikuwa tupu, na cha pembeni yake pia. Madam Caroline aliniita kando baada ya somo. Alikuwa amekonda uso kwa siku moja.

"Nilifanya makosa, ningekusikiliza," alisema. "Lakini nikwambie ukweli, Wachira. Chuo hiki kiko na sheria. Mwanafunzi akikosa wiki moja, jina linatolewa kwa rejista. Jumatano ijayo asipokaa kwa kile kiti, ameenda. Na baba yake si mtu wa kulipeleka jina mara mbili."

Mchana huo mama yangu alikuja kwenye kazi yangu. Mama Wanjira huwa haji. Huogopa cheche. Lakini alikuja, akasimama kati ya mageti mawili, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kwapani.

"Wachira, ni kweli umeandikia msichana wa Jimale ukutani?"

"Ni kweli."

"Kama wale wahuni huandika kwa choo cha soko?"

"Ilikuwa kwa kompyuta, mama."

"Ati kompyuta. Na kompyuta ndiyo itakuzika?" Alikaa kwenye ndoo bila kuipangusa. "Wewe ni Wachira kwa sababu baba ya babako alikuwa Wachira. Ukienda kwa hao watu, wakubadilishe jina, huyo mzee tutamweka wapi? Na mimi nikifa, utasimama nje ya kanisa na viatu mkononi?"

"Mama, hata huyo msichana hajanikubali."

"Hajakukubali na umeshatuaibisha hivi. Akikukubali itakuwaje?"

Nilivaa miwani ya kuchomelea ili asinione macho. Alikaa pale mpaka nilipozima mashine.

"Unampenda?" akauliza, sauti ikiwa ndogo.

"Ndiyo."

"Ai." Alisimama akajikung'uta sketi. "Ningejua ni mchezo ningelala. Sasa sitalala."

Ijumaa Keynan alipita. Hakukaa. Aliegemea nguzo ya umeme akachezea funguo za pikipiki.

"Baba hajampigia kelele hata kidogo. Hiyo ndiyo mbaya. Amesema tu, apange nguo. Jumatatu anaenda Garissa kwa shangazi Muno."

"Kwa muda gani?"

"Shangazi Muno hana muda, buda. Ukienda kwake unarudi ukiwa na watoto."

"Hodo amesema nini?"

"Hodo ameketi na laptop anarudia yale mazoezi yote kutoka la kwanza. Kila moja. Anafuta, anaandika tena. Mama anamwita kwa chakula, anasema nakuja." Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mimi nilikuwa nimekupenda, fundi. Wallahi. Lakini ningekupiga kama mkono wako ungekuwa mdogo."

"Baba yako nitampata wapi?"

"Wee! Usijaribu."

"Nitampata wapi, Keynan?"

Alipumua. "Kesho ni soko ya mifugo, Kajiado. Usimwendee akiwa na mkono chini ya shali. Hata mama hawezi kumwongelesha hapo."

Sikuelewa mpaka nilipofika. Jumamosi hiyo, tarehe kumi na tisa Julai, baridi ya Kajiado ilikuwa inaingia mfupani na upepo ukipeperusha vumbi na samadi. Nilimtambua Mzee Jimale kwa maelezo ya Keynan: mrefu, ndevu za hina, fimbo, shali nyeupe begani. Alikuwa amesimama na mnunuzi mbele ya fahali mwekundu. Mikono yao ya kulia ilikuwa imeshikana, na juu ya mikono ile Mzee alikuwa ametandaza shali. Hawakusema neno. Nyuso zao zilikuwa kama za watu wanaongoja mvua. Chini ya kitambaa vidole vilikuwa vinafanya kazi, vinabana, vinaachia, vinabana tena. Watu zaidi ya hamsini walikuwa wamezunguka, na hakuna aliyejua bei. Mwishowe mnunuzi alichomoa mkono, akaitikia kwa kichwa, akafungua kamba ya fahali akaenda naye.

Ndipo nikasogea.

"Mzee Jimale, shikamoo. Mimi ni Wachira. Mimi ndiye..."

"Najua wewe ni nani. Uko kwa simu ya kila mtu."

"Nimekuja kusema ni mimi peke yangu. Binti yako hakunipa mkono, hakuniahidi kitu, hakuna siku..."

"Nyamaza kidogo." Alielekeza fimbo. "Umeona ile ng'ombe nyekundu inaenda?"

"Nimeiona."

"Nimeuza sasa hivi. Bei ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Hujui. Na hawa wote hawajui. Mtoto wangu mwenyewe hajui. Hiyo ni ng'ombe, fundi. Ng'ombe! Ng'ombe nimeiheshimu nikafunika bei yake na kitambaa. Wewe binti yangu umeweka kwa ukuta."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Kwa hayo sikuwa nimejiandaa. Niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu vilivyotobolewa na cheche.

"Ni kweli," nilisema.

"Ungekuja kwangu kwanza."

"Ningekuja ungesema hapana."

"Ningesema hapana, ndiyo! Lakini ningeisemea hapa. Mimi, wewe, na mbuzi. Nani angejua?"

Mzee mmoja wa Kimaasai alipita na kondoo wake. "Sopa, Jimale!"

"Epa," Mzee alijibu, akitabasamu kwa ajili yake. Tabasamu likaisha aliponigeukia. "Maliza ulichokuja nacho. Niko na kazi."

"Mzee, mimi niliacha shule darasa la saba. Baba alikufa, nikaanza kubeba vyuma. Kiti changu kilibaki tupu na hakuna mtu hata mmoja alikwenda kukiombea. Nimekuja kukiombea cha Hodo. Jumatano asipokaa, jina linatolewa. Amekingoja miaka saba. Mimi nimekaa kwa changu miezi miwili tu. Acha mimi nitoke. Natoka leo. Yeye arudi."

"Na hiyo mashine Keynan alisema unataka?"

"Itangoja."

"Watu watasema fundi amefukuzwa."

"Waseme."

"Watasema Jimale alikufukuza."

"Waseme hivyo pia. Ni vizuri kwako."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Macho ya Hodo na ya baba yake ni mamoja, na hilo liliniumiza zaidi ya maneno. Kisha akavuta shali kutoka begani.

"Leta mkono."

Nilimpa. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu, si cha mtu wa ofisini. Shali ikashuka juu ya mikono yetu. Watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama, kwa sababu pale hapakuwa na mnyama.

Chini ya kitambaa alishika vidole vyangu vinne, akavibana pamoja.

"Miezi," alisema, midomo haikusogea. "Humwoni. Humpigii. Hutumi mtu."

"Na baada ya hapo?"

Alinibana mpaka mifupa ikalia. "Mnunuzi haanzi na mwisho."

Upepo ulivuta shali, akaibana na kiwiko.

"Na mambo ya dini hayako hapa chini," akaendelea. "Hayo hayana bei, na hayo yanasemwa mchana mbele ya watu. Sijakuahidi kitu. Umesikia ahadi?"

"Sijasikia."

"Vizuri. Na hesabu ya hivi vidole ni yangu na yako. Mama yako usimwambie. Keynan usimwambie."

"Na wewe?"

Nusura acheke. "Mimi miaka arobaini sijawahi kuambia mtu bei."

Nilivibana vidole vyake kuonyesha nimekubali. Akachomoa mkono, akatupa shali begani, akaenda kuangalia mbuzi kama mtu ambaye hakuwa ameongea na yeyote.

Jumatatu nilimpelekea Madam Caroline barua ya kutoka chuo. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Wewe ulikuwa unajifunza, Wachira. Polepole, lakini ulikuwa unajifunza." Nilipita karibu na dirisha nikatazama kiti. Kilikuwa bado tupu. Nikaenda kazini nikachomelea mpaka mchana bila kujua ninachomelea nini, na vyote nilivyofanya nikavikata nikaanza upya.

Jumatano sikukaribia chuo. Nilikata vyuma. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Sikumpigia mtu. Nilikuwa nimeshika vidole vya mzee.

Wiki nzima nilikaa hivyo. Mama alileta githeri akaniweka chini nile, na hakuuliza neno. Siku ya nane pikipiki ilisimama mbele ya kazi yangu, Keynan akavua kofia. Alitoa flashi mfukoni.

"Sitaki ujumbe," nilisema kabla hajafungua mdomo.

"Nani ameongea kuhusu ujumbe? Ni homework." Aliiweka juu ya meza ya vyuma. "Madam amesema kila zoezi la nne lisahihishwe na mtu mwingine wa darasa, hata la mtu ametoka. Lako limeangukia Hodo."

Niliiweka nyundo chini. "Kwa hivyo yuko darasani."

"Mimi sijasema kitu. Mimi nimesema homework." Akavaa kofia. "Lakini nimechoka, buda. Jana amenikataza kunakili. Ati niandike mwenyewe!"

"Ukirudi, mwambie Madam nimepokea."

"Madam peke yake?"

"Madam peke yake."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akawasha pikipiki.

Nilinawa mikono mara mbili nikaenda kwa cyber iliyo mkabala. Nilichomeka flashi. Zoezi langu lilikuwa hapo, na mbele ya jina la faili Hodo ameandika neno moja, limesahihishwa. Nililiendesha. Likaniuliza jina. Nikaandika Wachira.

Habari ya mchana, Wachira.

Nikangoja. Hakukuwa na kingine. Nikaandika Hodo, vidole vikiwa vizito.

Habari ya mchana, Hodo.

Maneno yangu yalikuwa yamefutwa. Nilibaki mbele ya kioo kile, mtu wa cyber akiniuliza kama ninachapisha. Nilisema sichapishi. Basi hilo ndilo jibu, nilijiambia. Nasalimiwa kama Ciku, kama Dennis, kama mtu yeyote anayepita barabarani. Ni haki yangu. Nilishika flashi nikataka kuichomoa.

Usiikimbize, fundi. Soma mstari kwa mstari.

Nikafungua programu ndani, pale maandishi yanapokaa. Nikasoma mstari wa kwanza. Wa pili. Mahali nilipokuwa nimesahau kupanga vizuri, amepanga. Wa tano, wa sita. Pale ambapo ile mistari yangu mitatu ilikuwa, amefuta, na mahali pake ameweka swali jipya ambalo kompyuta hujiuliza yenyewe kimyakimya. Kama jina ni Wachira, na kama tarehe ni kumi na tisa Novemba au imepita.

Chini ya swali hilo hakuwa ameipa kompyuta kitu cha kusema. Alikuwa ameacha nafasi, na ndani ya nafasi ile ameweka maelezo ya mwandishi, yale ambayo mashine huyaruka na mtu tu ndiye huyasoma: Bado sijaandika.

Nilisoma tena. Kumi na tisa Novemba. Masomo yenyewe yalikuwa yanaisha katikati ya Oktoba, kwa hivyo tarehe hiyo haikuwa ya chuo. Haikuwa ya sikukuu. Nikaweka mkono juu ya meza ya watu nikakunja vidole kuanzia ile Jumamosi ya Kajiado. Agosti. Septemba. Oktoba. Novemba.

Vidole vinne. Mimi sikumwambia mtu. Hata mama sikumwambia.

Miaka arobaini, Mzee Jimale alisema, hajawahi kuambia mtu bei.

Nilikaa pale mpaka mwenye cyber akaja kusimama nyuma yangu. Kisha nikachomoa flashi, nikaifunga ndani ya leso, nikaitia mfuko wa shati. Kazini kulikuwa na geti la mteja wa Isinya, vyuma vimelazwa chini vinangoja. Nilichukua futi, nikapima. Nikaandika kwa chaki. Kisha nikarudi mwanzo nikapima tena.